Seva Iliyokufa Kila Jumamosi

Mimi ni mtu wa kushuku, na silionei haya. Nilikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako habari za kurudi nyumbani zilikuja na kughairiwa hadi mama yangu akawa hafungi sufuria hata moja mpaka aone dereva wa lori ameshuka na kutema mate chini. Tuliporudi Burundi, amani ikiwa imeshatangazwa na watu wamechoka, nilirudi na tabia hiyo ya mama. Ndiyo inayonilisha mpaka leo, kwa sababu kutafuta hitilafu ndani ya kompyuta ni kazi ya kushuku, tofauti ni kwamba mwisho wa mwezi unalipwa.

Nilikuwa nafanya kazi katika karakana ndogo mjini Gitega. Kwetu hasa ni Makebuko, ila huko tulikuta migomba ya watu wengine imeshakomaa kwenye kiwanja chetu, na wenye migomba hawakutaka mazungumzo. Basi nikapanga chumba mjini, nikawa natengeneza mashine za watu.

Mashine ninayotaka kuisimulia ilikuwa Muyinga, katika kituo kilichofundisha Kirundi na Kifaransa watu waliorudi wakijua Kiswahili tu. Skrini zote za darasani zilitegemea seva moja kubwa iliyonunuliwa mtumba, na seva hiyo ilitegemea betri za sola. Ilikuwa na prosesa nne, na zote zilipofanya kazi pamoja zilimaliza betri kama mgeni asiyejua kwamba nyumbani kuna wengine wa kula. Kwa hiyo niliipanga hivi: darasa likiwa tupu, kiini kizime prosesa tatu na kuacha moja, bila kuzima mashine yenyewe, na watu wakikaribia kurudi, kiziwashe tena. Kiini ni ile programu ya chini kabisa, inayogawia kila sehemu ya mashine kazi yake. Watu wa vitabu wana majina marefu zaidi, lakini hilo linatosha.

Jumamosi asubuhi Burundi nzima iko kilimani, maana kwetu kijiji huitwa kilima. Maduka yanafungwa, barabara zinanyamaza, na kila mtu anachukua jembe kwenda kwenye kazi za pamoja: kuchimba mitaro, kubeba mawe ya shule, kufyeka kando ya njia. Pale kituoni walimu na wanafunzi walikwenda wote, na masomo yalianza waliporudi. Seva iliachwa ikiwaka kwa prosesa moja, ikivuta masomo ya wiki kutoka Gitega kwa intaneti iliyokwenda kwa miguu. Mchana na siku nyingine darasa halikuwa tupu kamwe, na usiku tulizima kila kitu. Ni Jumamosi tu ambapo prosesa zililala na kuamshwa.

Na kila Jumamosi, watu wakirudi na majembe yao, waliikuta seva imekufa. Taa zake zinawaka, feni inazunguka, lakini skrini zote zimeganda na hakuna kitufe kinachosikia. Inabidi izimwe kwa nguvu, na masomo ya wiki yanapotea.

Mkurugenzi wa kituo alinipigia simu. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kuchomeka Kifaransa kila mahali, ambaye hakuwahi kukimbia nchi, na alipenda kutuambia sisi tuliorudi kwamba anatuelewa.

"Dada, njoo tu uthibitishe. Donc, mtu tunamjua. Jumamosi sisi yote tuko kilimani. Huku nani iko? Ni mlinzi, peke yake. Alors?"

Mlinzi alikuwa mkimbizi, Mkongo wa Kivu Kusini, mtu mzima, mtaratibu. Mchana aliweka meza yake getini akiuza sabuni, kandambili na betri za tochi. Kwa kulinda alilipwa kidogo na kupewa chumba nyuma ya kituo, alimoishi na mkewe na watoto. Kazi za pamoja hazikumhusu, kwa kuwa hakuwa raia, na mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyemwambia abaki. Sasa kubaki huko kumekuwa ushahidi. Akifukuzwa angepoteza chumba siku hiyo hiyo, na mkimbizi anayetoka mahali akiitwa mharibifu hapewi geti lingine Muyinga nzima. Wote tulilijua hilo, na yeye kuliko wote.

Nilipofika alinijia kabla sijaweka mkoba chini.

"Mama, mi sijagusa hii mashini. Hata mulango yake mi sifunguaka. Bako nasema ni mi, eti kuna batu banituma."

"Nani amekutuma, Papa?"

"Njo hiyo mi nabauliza. Habasemi."

Sikumjibu kwamba namwamini. Nilikuwa simwamini. Lakini wala mkurugenzi sikumwamini, wala fundi aliyefunga sola, wala seva yenyewe, wala mpango wangu wa kulaza prosesa, ingawa huo niliuweka mwisho wa foleni kama afanyavyo kila mtu na kitu chake.

Nilianza na nyaya. Nyuma ya betri nilikuta waya mmoja ambao sikuuweka mimi, umepita chini ya bati, ukaruka ukuta. Moyo ulinipiga kwa furaha mbaya. Niliufuata mpaka ua wa jirani, na jirani huyo alikuwa mkurugenzi. Kwenye banda lake kulikuwa na balbu, na chini ya balbu vifaranga wa manjano, wanene, wakiota joto kwa umeme wa wanafunzi.

"Ah, hiyo ni kidogo tu, dada," alisema, huku akitazama upande ambao hapakuwa na kitu cha kutazama.

Niliukata mbele yake. Nilirudi Gitega nikijiona nimemaliza. Jumamosi iliyofuata seva ikafa vilevile, na nakiri nilisononeka, maana nilitaka sana kosa liwe la wale vifaranga.

Mkurugenzi, baada ya aibu ya waya, alizidi kuwa mkali kwa yule mzee mlinzi. Alisema kikao cha kituo kimeamua: mwisho wa mwezi atoke. Niliomba Jumamosi moja nikae mwenyewe na mashine, watu wakiwa kilimani. Alinijibu kwamba nikae, ila nisishangae nikiona mzee hafanyi kitu siku hiyo, kwa sababu mwizi naye ana macho.

Basi nikakaa. Watu hawajatoka sawasawa, akaja kijana wa ofisi ya kilima kuuliza kwa nini sina jembe. Nilimwonyesha kompyuta yangu ndogo iliyounganishwa kwa kebo nyuma ya seva.

"Nyinyi benye mulirudi munapenda kukaa tu," alisema, akaiangalia kebo kama kisingizio, akaenda zake.

Kebo hiyo ilikuwa na maana. Seva ikifa hufa na maneno yake, huwezi tena kuisoma kwenye skrini zake. Kwa hiyo niliielekeza itume kila inachokisema kwenye kompyuta yangu wakati uleule inapokisema, hadi neno la mwisho.

Mzee alileta kiti, akakiweka mlangoni, palipo na mwanga. Alikaa akanyoosha mikono juu ya magoti, viganja juu. Nilimwambia aende mezani kwake, auze sabuni zake.

"Hapana, Mama. Uone tu."

"Nimeshaona, Papa. Pumzika."

"Utaona muzuri."

Alikaa hivyo asubuhi nzima. Nzi alimtua usoni na hakumfukuza, alipuliza tu kwa mdomo. Mkewe alimletea chai, mzee akamwonyesha kwa kichwa aiweke chini, na chai ikapoa pale. Niliona aibu kwa niaba ya kituo kile kizima, kisha nikashikwa na hasira ambayo sikujua niitupie wapi.

Wakati wa kurudi watu ulipokaribia, kiini kilianza kuamsha prosesa. Ya pili ikarudi. Ya tatu ikarudi. Ya nne ikaanza kupanda, ikafika katikati, ikakwama. Kiini kikasema kinairudisha chini. Halafu hakikusema kitu tena. Skrini zikaganda mbele ya macho yangu.

"Imekufa?" aliuliza mzee, bila kusogeza kidole.

"Imekufa."

"Na mi iko hapa."

"Uko hapo, Papa. Nimekuona."

Alifumba macho. Hapo ndipo alipoinua mkono na kujifuta uso.

Gitega nilifungua programu ya kiini na kuisoma pale panapohusu kuamsha prosesa. Prosesa haiwaki kama balbu. Inapanda ngazi: hapa inapewa saa yake, hapa kumbukumbu, hapa inaandikwa kwenye orodha ya wanaogawiwa kazi, hapa kipima joto, na mengine juu yake. Kila daraja lina kazi ya kupanda na kazi ya kushuka. Daraja moja likishindikana, kiini kinatakiwa kushuka kuanzia pale prosesa ilipofika kweli, kikifuta kila kilichofanywa njiani, mpaka chini kabisa.

Jumamosi, kumbukumbu ya seva ilikuwa imejaa masomo yaliyokuwa yakivutwa kutoka Gitega. Prosesa ya nne ilipofika kwenye daraja la kipima joto na kuomba nafasi ndogo ya kumbukumbu, haikupata. Hadi hapo hakuna dhambi. Dhambi ilikuwa kwenye kushuka. Kiini hakikukumbuka daraja prosesa ilipofika. Kilikumbuka daraja ilipokusudiwa kufika, kikaanza kushuka kutoka huko juu ambako haikuwahi kukanyaga. Kikafuta vitu visivyokuwepo na kuruka vilivyokuwepo. Mwisho wake prosesa ya nne ilikuwa imezimwa, lakini jina lake limebaki kwenye orodha ya wanaogawiwa kazi. Kazi ya kwanza iliyopelekwa kwake ikasubiri, na zilizofuata zikasubiri hiyo, mpaka mashine nzima ikawa inasubiri mtu ambaye hayupo.

Nilipoelewa nilicheka peke yangu, na si kicheko kizuri. Sisi kwetu ofisi ya komuni, iliyo juu ya vilima, ilituandika kuwa tumefika, wakati kilima chenyewe hakikuwa na habari nasi. Niliijua hali ya prosesa ile bila kufundishwa.

Kuelewa hakukunitosha. Niliwasha mashine chakavu ya karakana, nikainyima kumbukumbu makusudi, nikawa nazima na kuwasha prosesa zake bila huruma. Ikafa. Ikafa tena, palepale, kwa maneno yaleyale. Sijawahi kufurahia kifo namna ile. Kisha nikabadilisha mistari michache: kiini kiandike daraja lililokamilika, na kushuka kuanze hapo. Nikainyima kumbukumbu tena. Safari hii prosesa ilishindwa kupanda, ikashuka kistaarabu, ikakaa chini ikisubiri kujaribu upya, na mashine ikaendelea na shughuli zake. Nilijaribu hadi mwenzangu wa karakana akaniuliza kama nimegombana nayo.

Niliwatumia marekebisho wale wanaotunza kiini huko ng'ambo. Walinihoji kama polisi wa mpakani: umejuaje, umejaribu kwenye mashine gani, una hakika gani kwamba si kipima joto chako. Niliwapenda kwa hilo. Wao walishuku nilichosema, wakakijaribu, na walipokiona ni kweli wakakipokea na kuendelea na mengine.

Muyinga nilikwenda Ijumaa. Niliweka kiini kilichorekebishwa, nikakaa na mkurugenzi na wanakikao wake, nikawaeleza yote kwa lugha ya ngazi. Niliwaambia nilimtazama mzee mlangoni mpaka seva inakufa. Waliitikia kwa vichwa. Mkurugenzi alisema nimeeleza vizuri sana, akaagiza fanta. Hakuna aliyekwenda getini kumwambia mzee lolote, kwa hiyo nilikwenda mimi.

"Kesho baki kama kawaida," nilimwambia. "Haitakufa."

Asubuhi nilimkuta amefunga mlango wa seva, amempa mkurugenzi ufunguo, na amebeba jembe. Nilimkimbilia.

"Papa, unakwenda wapi? Nakutaka ubaki! Usipobaki leo watasema nini?"

"Na nikibaki ikufe, batasema nini?"

"Haifi."

"Mama, we unajua mashini. Mi najua batu."

Akaenda kuchimba mtaro wa kilima kisicho chake. Na mimi nilibeba jembe safari hii, nikawa nachimba kando yake, na kila nikiinua kichwa nilitazama bati la kituo. Tuliporudi, skrini zote zilikuwa zinaishi. Masomo ya wiki yalikuwa yamefika. Wanafunzi walipiga makofi. Mkurugenzi alinishika bega, akaninong'oneza kwa furaha ya mtu aliyeshinda mchezo:

"Unaona, dada? Leo hakubaki."

Nilimweleza ngazi upya. Nilimwonyesha kwenye kompyuta yangu mahali ambapo prosesa ya nne ilikosa kumbukumbu asubuhi hiyohiyo, ikashuka salama, ikarudi baadaye. Alisikiliza kwa adabu kabisa. Basi nikamwambia: Jumamosi ijayo mzee abaki peke yake, sote twende, na mimi nitakuja kutoka Gitega niende nanyi. Mzee hakutaka. Ilibidi nimwapie, mimi ambaye siapi, kwamba ikifa nitasema ni mimi niliyeiua.

Wiki ile nililala vibaya. Kila nilichokiamini katika marekebisho yangu nilikishuku tena, mstari kwa mstari, kwa sababu sasa chumba cha watu kilikuwa kimening'inia juu yake. Jumamosi nilichimba mtaro bila kujua nachimba nini. Tuliporudi, mzee alikuwa amekaa nje ya geti, barabarani, mgongo ukutani, mbali na mlango wa seva kadiri alivyoweza bila kuacha lindo. Ndani, skrini zilikuwa zinawaka. Seva iko hai, prosesa zote nne zimerudi na kila moja inafanya kazi yake.

Nilimgeukia mkurugenzi. Nilitaka kuona uso wake ukibadilika. Ulibadilika kweli, ukawa mpole.

"Ni vizuri," alisema. "Amejirekebisha."

Alikwisha kuita wengine. Alisema nchi hii imeona mengi na sasa ni wakati wa kusameheana, hata kituo chetu kidogo kitoe mfano. Mzee abaki na kazi yake na chumba chake. Yamekwisha. Jumapili baada ya ibada tukutane uani tumalize kama watu.

Kumaliza kama watu kwetu kunajulikana: aliyekosa huleta pombe, na walioudhika wakinywa naye, kesi imefungwa, hakuna tena wa kuigusa. Jumapili mzee alikuja amevaa shati jeupe, amebeba dumu la pombe ya ndizi. Mkewe alimfuata na vikombe. Sijui alikopa kwa nani. Alimimina kikombe cha kwanza, akanywa yeye mwenyewe mbele ya wote, kwa maana anayetoa kinywaji huonja kwanza watu wajue hakina sumu. Kisha akamimina cha mkurugenzi, na vingine, kwa mpango.

Mkurugenzi alisimama akasema tumemsamehe kwa moyo mmoja. Watu wakapiga makofi. Mzee naye akasimama, kikombe mkononi.

"Aksanti sana kwa kunisamehe," alisema.

Niliinuka, mdomo umeshafunguka, maneno yote ya ngazi na daraja na kipima joto yamejipanga, pamoja na mengine ya vifaranga ambayo nilikuwa nimeyaweka akiba. Mzee alikuwa amefika kwangu na dumu. Alinishika mkono wa nguo, taratibu, akanivuta chini.

"Ikaa, Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Batoto bako na fasi ya kulala."

Nikakaa. Akajaza kikombe changu, akakionja, akanipa.